Baridi ya Songea na pedi iliyokufa mtetemo

JULAI ya Songea haina utani. Mji upo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na jua likishazama upepo wa Matogoro unaingia mitaani bila kubisha hodi. Bombambili, Lizaboni, Mfaranyaki, Majengo, kote huko makoti yanatoka kabatini, wauza kahawa wanachangamka, na vidole vya vijana waliojazana kwenye vibanda vya gemu vinakuwa vigumu kama vijiti.

Ukiingia ndani utaona wanavyopambana na hali. Anayesubiri zamu anakalia mikono yake. Mwingine anapuliza viganja kama anayewasha mkaa. Aliyeshika pedi hana muda huo, maana ni dakika ya 88, Manchester City wanashambulia na beki wake wa kulia hajulikani alipo. Sheria ya kibanda haina mjadala: aliyefungwa anatoa pedi, mshindi anabaki.

Na hapo ndipo lilipo jambo ambalo mcheza gemu yeyote wa Songea analijua, hata kama hajawahi kulisema. Pedi inayotoka mkononi mwa mtu inafika na joto lake. Ikifika ya moto na imelowa jasho, unajua jamaa alikuwa amebanwa kweli. Ikifika ya baridi, huyo alishakata tamaa tangu bao la tatu, alikuwa anamalizia dakika alizolipia.

Kampuni kubwa za gemu duniani nazo zinahangaikia jambo hilohilo, ila kwa fedha nyingi na maabara. Zinataka mchezaji asiishie kuona na kusikia. Zinataka ahisi mkononi: mguso, uzito, baridi, joto. Mguso umeshafika mbali. Joto bado linahaha. Kwa Songea habari ni nyingine kabisa, kwa sababu pedi nyingi za vibandani zimepoteza hata ule mtetemo wa kawaida ambao dunia iliuzoea zaidi ya miaka 25 iliyopita.

VYUMA VIWILI VYENYE KILEMA

Fungua pedi ya PlayStation 2 au 3 kwa bisibisi ndogo, utakutana na mota mbili, moja kila upande. Kwenye ncha ya kila mota kuna kipande cha chuma kilichokaa upande mmoja, hakina usawa. Mota ikizunguka, kile chuma kinavuta huku na huku kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi anayekimbia, na pedi nzima inatikisika. Ya kushoto ina chuma kikubwa, inatoa mtikisiko mzito wa polepole. Ya kulia ni ndogo, inatetema kwa kasi. Basi, ndio uchawi wote.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1976 Sega walitoa mashine ya gemu la pikipiki, Moto-Cross, ambayo usukani wake ulikuwa unatikisika ukigongana na mwenzako. Mwaka 1997 Nintendo walileta kifaa cha kuchomeka kwenye pedi ya Nintendo 64, kikitumia betri zake mbili ndogo. Mwishoni mwa mwaka huohuo Sony wakatoa DualShock huko Japani, mota zikiwa ndani ya pedi yenyewe. Baadaye ikaja PS2 ya mwaka 2000, mashine iliyouzwa zaidi ya 150 milioni duniani, na ambayo vijana wengi wa Tanzania ndiyo waliyojifunzia gemu la soka.

Kwa mpira, mtetemo ule haukuwa pambo. Shuti likigonga mwamba unalisikia kwenye viganja. Straika wako akikatwa ngwala, mikono inajua kabla refa hajapuliza. Kuna watu walikuwa wanafunga macho kwa hofu wakati wa penalti na bado wanajua kilichotokea.

Kisha ikatokea kesi. Kampuni ya Immersion ya Marekani iliwapeleka Sony mahakamani mwaka 2002, ikidai teknolojia ya mtetemo ni hataza yake. Mwaka 2004 baraza la wazee wa mahakama likasema Sony walipe Dola 82 milioni. PlayStation 3 ilipoingia sokoni mwaka 2006, pedi yake haikuwa na mota. Sony walijitetea kwamba mtetemo ungevuruga kifaa kipya cha kupima mwendo wa pedi, lakini mwaka uliofuata walipomalizana na Immersion, pedi yenye mtetemo ilirudi, na kile kifaa cha mwendo kikabaki humohumo. Kila mtu aamue mwenyewe. Aliyezoea pedi ya PS2 akiishika ile ya kwanza ya PS3 aliiona nyepesi kama ganda la karanga.

PEDI YENYE SPIKA

Hatua kubwa ilikuja Novemba 2020 na PlayStation 5. Pedi yake, DualSense, imeachana na vyuma vyenye kilema. Ndani kuna vifaa vinavyofanya kazi kama spika: sumaku na waya uliosokotwa, vinavyosukumwa mbele na nyuma kwa umeme. Spika inaweza kutoa besi na sauti nyembamba, na hivi vinaweza kutoa mtikisiko mnene au mwembamba, mahali panapotakiwa, kwa muda unaotakiwa. Gemu la Astro's Playroom, linalokuja bure na mashine hiyo, lilitengenezwa makusudi kuonyesha mambo hayo. Kikaragosi akitembea kwenye mchanga mikono inahisi mchanga, akiteleza kwenye barafu mikono inahisi utelezi, mvua ikinyesha matone yanadondoka kwenye viganja.

Vitufe vya nyuma vya pedi hiyo navyo vinaweza kukaza. Kwenye gemu la kikapu la NBA 2K21, mchezaji wako akichoka, kitufe cha kukimbia kinakuwa kigumu kukibonyeza. Yaani uchovu wa mtu wa kwenye televisheni unahamia kwenye kidole chako. EA nao walipoleta FIFA 21 kwenye PS5 walitangaza kwamba mashuti, pasi na kugongana kutafika mikononi.

Ukimwambia hivyo kijana wa Mfaranyaki atacheka. Kwenye kibanda chake kuna PS3 mbili na PS2 moja ya FIFA 14, toleo la mwisho la FIFA kutengenezwa kwa mashine hiyo, na vikosi vyake wamevihifadhi kichwani kama ratiba ya darasa.

KWA NINI PEDI ZA VIBANDANI ZIMEKUFA

Sababu ya kwanza ni kazi. Pedi ya nyumbani inashikwa na mtu mmoja, jioni moja moja. Ya kibandani inashikwa tangu asubuhi hadi usiku, na watu wasiohesabika, wengine wakiibamiza chini kila wanapofungwa. Waya unaopeleka umeme kwenye mota ni mwembamba kama uzi, umeshikwa na tone dogo la risasi. Pedi ikidondoka mara ya kumi, tone linaachia. Pedi inaendelea kucheza vizuri tu, ila haitikisiki tena, na hakuna anayelalamika kwa sababu mechi inaendelea.

Sababu ya pili ni wenye vibanda. Mota zinakula chaji, na kwao betri ya pedi ni mtaji. Wengi wanaingia kwenye mipangilio wanazima mtetemo mapema. Pia zipo pedi za bei rahisi zinazofanana na za Sony kwa sura, lakini ndani zina mota moja au hazina kabisa. Unaponunua huwezi kujua mpaka uzicheze.

Ya tatu inatoka kwa wachezaji wenyewe. Wanaocheza mashindano makubwa ya soka la kompyuta duniani, wengi wao huzima mtetemo kwa hiari. Wanaona unawapotezea utulivu wa kidole wakati wa kupiga chenga au kulenga kona. Wababe wa vibandani wamelinasa hilo, na sasa kijana anayetaka kuonekana fundi anaanza kwa kusema mtetemo ni wa watoto. Hoja hiyo ina uzito kwa anayecheza kutafuta fedha. Kwa mtu aliyekuja kujiburudisha baada ya kushusha magunia ya mahindi kutwa nzima, ni kumnyima nusu ya alicholipia.

JOTO NALO LIKO WAPI?

Hapa ndipo wahandisi wanapotoka jasho wao wenyewe. Kifaa kinachotegemewa zaidi kinatokana na ugunduzi wa Mfaransa Jean Peltier wa mwaka 1834. Ukipitisha umeme kwenye maungio ya vitu viwili tofauti, upande mmoja unapoa na mwingine unapata moto. Ukigeuza mwelekeo wa umeme, pande zinabadilishana. Leo kinauzwa kama kibapa kidogo, na ndicho kinachopoza maji kwenye baadhi ya zile mashine za maji za maofisini.

Kampuni ya TEGway ya Korea Kusini imetengeneza vibapa laini vinavyokunjika, vya kuweka kwenye pedi na vifaa vya kuvaa, ili mchezaji ahisi moto, baridi na hata maumivu. WEART ya Italia ina kifaa cha kuvaa vidoleni kinachotoa mguso na joto kwa pamoja. Januari 2025 Razer walionyesha Marekani kiti cha kuchezea gemu kinachopasha na kupoza mgongo, ingawa walisema ni cha majaribio.

Hayo maumivu yana historia ya kushangaza. Mwaka 1896 mtaalamu wa Sweden, Thunberg, aligundua kwamba ukigusisha ngozi kwenye vyuma vya uvuguvugu na vya ubaridi vilivyopangwa kwa kupishana, mtu anahisi anaungua, wakati hakuna hata kimoja kinachoweza kumuunguza. Ngozi inadanganyika. Wachezaji wa mpira wanaujua udanganyifu wa aina hiyo bila kujua jina lake: ile dawa ya kuchua yenye mentholi inayoleta ubaridi kwenye paja wakati paja halijapoa. Mtafiti wa Marekani David Julius alitumia kemikali inayofanya pilipili iwashe, na kwa njia hiyo akaupata mlango wa kwenye neva unaopokea joto kali la kuanzia nyuzi 43 hivi. Baadaye mentholi ikasaidia kuupata mlango wa baridi. Julius na Ardem Patapoutian, aliyegundua milango inayopokea mguso, walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2021. Kwa hiyo mwili hauna tofauti kati ya pilipili na moto, ni mlango mmoja.

Ila kwa soka, joto lina kasoro mbili. Moja ni kasi. Mguso unafika kwenye ubongo papo hapo, lakini kibapa kinahitaji muda kupata moto, na ngozi nayo inahitaji muda kubadilika. Shuti linapigwa na kuingia wavuni ndani ya sekunde moja. Joto lake lingefika wakati wapinzani wameshaweka mpira kati.

Ya pili ni chaji. Betri ya DualSense ina mAh 1,560 kwa volti 3.65, sawa na wati 5.7 kwa saa moja. Weka kibapa cha wati 5 tu, betri inakwisha kwa saa moja na dakika chache, na hapo pedi yenyewe haijala chochote. Na upande mmoja ukipoa, wa pili unawaka, lile joto sharti litupwe mahali. Mahali pake ni tumboni mwa pedi.

Songea wanaelewa hesabu za umeme. Mpaka mwaka 2018, mji ulipounganishwa na gridi ya taifa kwa njia ya umeme kutoka Makambako, taa zilitegemea majenereta ya dizeli, na wacheza gemu wa enzi hizo wana kumbukumbu za fainali zilizokatika dakika ya 70.

Pamoja na hayo, joto lingefaa kwa mambo ya polepole. Mvua ya gemu ikianza kunyesha, pedi ipoe kidogo. Kuanzia dakika ya 75, kiungo wako aliyekimbia mechi nzima aanze kuipasha. Halafu kuna faida ambayo wabunifu wa nchi zenye vyumba vya kupashwa joto huenda hawaifikirii: vidole vilivyopoa havihisi vizuri. Baridi inapunguza uwezo wa ngozi kupokea mtikisiko na inapunguza wepesi wa vidole. Maana yake usiku wa Julai hapa Songea, hata pedi nzima yenye mota mbili inapoteza nguvu mikononi mwa mtu. Pedi ya uvuguvugu tu, bila mbwembwe nyingine, ingemrudishia vidole vyake.

MASHABIKI WASIOSIKIA

Lakini nani hasa anauhitaji mtetemo? Jibu zuri lilitoka uwanjani, na lilikuwa mbali na gemu. Aprili 13, 2024, Newcastle United waliwakaribisha Tottenham pale St James' Park. Mdhamini wao, Sela, aliachia nafasi yake ya kifuani kwenye jezi kwa taasisi ya RNID inayowahudumia watu wasiosikia, na kundi la mashabiki viziwi wakavalishwa jezi zilizoshonewa vifaa vya kutetema. Maikrofoni zilichukua kelele za uwanja, zikageuzwa kuwa mguso mwilini. Newcastle wakashinda 4-0, Alexander Isak akitupia mawili. Watu waliokuwa wanaona mikono ya wenzao ikipanda na midomo ikifunguka, siku hiyo kelele zenyewe ziliwafikia kifuani.

Teknolojia ile ni ndugu wa damu wa pedi. Sauti inaingia, mtikisiko unatoka.

Songea, eneo la Ruhuwiko, ipo shule ya watoto viziwi. Nao ni watoto wa mji wenye mpira, mji wa Uwanja wa Majimaji na Wanalizombe waliobeba ubingwa wa nchi mwaka 1985, 1986 na 1998, kabla ya kushuka Ligi Kuu mwaka 2018 na kuwaacha vijana wachague kati ya Simba, Yanga na timu za Ulaya. Kwa mtoto asiyesikia, gemu la soka lililozimwa mtetemo ni picha tupu. Filimbi ya refa haimfikii. Kelele za mtangazaji hazimfikii. Mpira uliogonga mwamba nje kidogo ya macho yake haujui. Mota mbili zenye vyuma vya kilema zilikuwa zinampa hayo yote, au sehemu yake kubwa, kabla ya yeye kuzaliwa. Kuzizima kwa sababu mababe wa mashindano wanazizima ni kumtoa uwanjani bila kadi.

Wenye vibanda umiza, vile vya kuangalizia mechi, wanatoa mtetemo huo bila kujua. Siku ya dabi ya Kariakoo watu wanabanana kwenye mabenchi marefu ya mbao mpaka wa pembeni wananing'inia. Bao likiingia, nusu ya banda inaruka na kutua kwa pamoja. Benchi linatetemeka kutoka mwisho huu hadi ule, sakafu inagonga nyayo, bega la jirani linakupiga sikioni. Asiyesikia aliyekaa hapo analipata bao kwa wakati uleule na mwenzake. Anaweza hata kujua ni la nani, kwa kupima upande gani wa benchi umeruka.

Joto pia lipo, la kutosha. Banda la watu mia moja kwenye baridi ya Julai halihitaji kibapa cha Peltier.

Kwenye gemu, dawa ya haraka ipo kwa mafundi wa simu na redio, na haihusiani na PS5. Pedi nyingi zilizokufa mtetemo mota zake ni nzima, kilichoachia ni waya. Fundi anafungua skrubu, anapuliza vumbi na maganda ya karanga, anatafuta nyuzi mbili zilizoachia, anazichomea upya kwa risasi. Kama mota yenyewe imekufa, anachomoa ya pedi mbovu iliyotupwa kwenye boksi lake la spea. Kilichobaki ni mwenye kibanda kuingia kwenye mipangilio na kuuwasha mtetemo, na pale anapoogopea betri, kuiacha pedi moja ikiwa imechomekwa kwenye waya, iwe ya yeyote anayeihitaji.

Kujaribu ni rahisi. Fundi anaiweka pedi juu ya meza, anaiacha, mtu mwingine anapiga shuti kwa pedi ya pili na kipa anaokoa. Ikiwa kazi imefanyika vizuri, ile iliyo mezani inaanza kutembea yenyewe, taratibu, kuelekea ukingoni, na kila aliyemo kibandani ananyoosha mkono kuidaka.